Mashinisti Asiyengoja Mtu

Bunia haijawahi kuwa na reli. Hatuna hata kipande cha chuma cha kuwaonyesha wageni. Lakini sisi wa mtaa wa Rwambuzi tuna mashinisti wetu, na ukiuliza nyumba yake utaonyeshwa bila mtu kukuuliza mashinisti wa nini. Wa treni, wa nini tena? Aliendesha treni za mazutu, yaani dizeli, kwenye ile reli nyembamba ya Uele, kutoka Mungbere hadi Isiro na mbele ya Isiro, mpaka reli ikafa na pori likaifunika. Ndipo alipokuja huku na mkewe na binti yao mdogo, akapata kiwanja jirani na chetu, akakaa. Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule, na leo nina watoto wangu shuleni. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sijawahi kumwita nalo.

Mwaka jana nisingeweza kuandika habari zake kwa moyo mweupe, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Binti yake, Filomena, ndiye niliyekaa naye benchi moja tangu darasa la kwanza. Filomena alienda Dar es Salaam kwa biashara ya vitenge, akakutana na kijana wa huko, wakaoana. Kijana ni mpole, ana kazi, anaenda kanisani. Kosa lake lilikuwa moja tu: anaendesha treni ya umeme. Mashinisti aliposikia hivyo akasema kwamba binti yake ameolewa na mubonyezaji, mtu wa kubonyeza vifungo. Tangu siku hiyo hakutaka kuongea na mkwewe, hata kwa simu. Filomena akazaa mtoto wa kiume, akatuma picha, na babu akaitazama picha akasema mtoto ana masikio mazuri. Kwenda kumwona, hapana.

Basi jirani yangu ni mtu wa namna hiyo. Nampenda, tena sana, na ndiyo maana alinichosha.

Neno mashinisti kwake si la kuchezea. Madereva wa malori yanayopanda kutoka upande wa ziwa hujiita mashinisti wakishakunywa, naye huwasahihisha kwa adabu kama katekista anayesahihisha sala. Kwake mashinisti ni mtu aliyewahi kulala karibu na masini, yaani injini ya treni, porini, akaamka na masini ikaamka. Wengine wote ni shoferi, au ni mekanisie, au ni wabonyezaji. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Filo, anasema hata siku ya harusi yao padri alipomwita kwa jina lake, alichelewa kuitika.

Husikiliza kwa nyayo. Ukimkuta penye injini yoyote, utaona viatu vyake pembeni na miguu yake mitupu imebandikwa chini, macho ameyafumba nusu. Anasema masikio yanadanganywa na kelele, lakini nyayo hazidanganywi. Mimi siamini sana. Siku moja alivua viatu kwenye mashine ya kusaga ya Ngabu, ile inayotumia mazutu, akakaa pale muda mrefu, akamwambia Ngabu alale usingizi, injini yake ni nzima kabisa. Kesho yake mkanda ukakatika, ukapiga gudulia la maji likapasuka. Mashinisti akasema mkanda si injini. Ngabu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la muhogo, na hakumdai neno.

Kuna sheria moja aliyotoka nayo kwenye reli, na sheria hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Niliiona kwanza kanisani. Jenereta ya kanisa huwekwa nyuma ya sakristia, na Mashinisti huketi benchi la ukutani, viatu chini ya benchi, akiisikiliza pamoja na mahubiri. Jumapili moja katikati ya sala ya waamini vipaza sauti vilizimika. Kabla padri hajainua kichwa, Mashinisti alikuwa ameshasimama. Alivua koti, akalikunja mara mbili, akampa Mama Filo bila kumtazama, akatoka pekupeku huku anakunja mikono ya shati. Wageni walidhani ni tumbo. Baada ya misa nilimwuliza kwa nini asiwaache vijana wa kanisa waende, nao wako wengi na hawana kazi.

"Mutu ya reli, masini ikinyamaza, anaenda kuiangalia," aliniambia. "Hata kama iko mu likizo. Hata kama ile masini si yake."

Mama Filo aliongeza kwamba ndivyo walivyoishi. Treni ya mazutu ikikufia porini kati ya Mungbere na Isiro, abiria hushuka, wanawake huwasha moto na kupika, watoto hulala chini ya mabehewa. Lakini mtu yeyote wa reli aliyemo ndani, hata akiwa anasafiri kwenda msibani na suti yake, huvua koti na kwenda mbele kumpa mashinisti mikono yake. Ukibaki umeketi, kesho hakuna wa kukusalimia karakana. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana ameishika kuliko amri za kanisa.

Pacha wa sheria hiyo ni kwamba injini haizimwi. Betri zao kule zilikuwa zimechoka, na ukiizima masini hujui kama itakubali tena, kwa hiyo waliiacha ingurume usiku kucha kituoni. Hapa Bunia ameihamishia tabia hiyo kwenye kila kitu. Redio yake haizimwi. Birika la kahawa halitoki motoni. Akiagana na mtu huagana kutoka kibarazani hadi barabarani na bado anabakiza neno la kesho. Na ole wako uzime injini mbele yake bila sababu. Dereva mmoja wa pikipiki alizima ili wapatane bei, Mashinisti akaamua kwenda kwa miguu.

Lakini msimfanye mtakatifu wa mazutu, maana mimi ndiye ninayemchajia simu. Nina kibanda kidogo cha kuchaji na kuuza vosha, juu yake sahani za jua, na kila asubuhi mtu huyu anayetukana kuran, yaani umeme, hunijia na simu yake kabla hata sijafungua vizuri. Anaiweka mezani na kutazama pembeni kana kwamba ni ya mtu mwingine. Moshi wa lokomotivu anasema ni harufu ya kazi. Moshi wa makaa ya mkewe ukimfikia chumbani, anakohoa na kufungua madirisha yote. Usiku anasoma kitabu chake cha sala kwa taa ya sola aliyotuma Filomena, na anasema anaitumia ili isiharibike kwa kukaa bure.

Jumapili alasiri tunakutana kwa Ngabu. Tuko wachache, na watu wa kijiji cha Shari wanaoleta muhogo wao kusaga wanatuona wendawazimu: watu wa mji usio na reli, wamezunguka simu moja, wanatazama treni. Kuna watu duniani wanaozipenda treni za zamani mpaka wanazifuata na kamera milimani, kisha wanaweka video mtandaoni, na Ngabu anajua kuzitafuta. Tumeona masini za mazutu zikivuta mbao kwenye theluji na nyingine zikipanda vilima zinatoa moshi mweusi, na watu wazima kando ya njia wamefurahi kama watoto. Mashinisti huiweka simu sikioni badala ya kuitazama. Hutuambia masini imebeba mzigo au haina kitu, na hakuna awezaye kumbishia kwa sababu hakuna anayejua.

Yupo mmoja tu anayembishia, naye ni Mama Kapinga. Huyu ni fundi cherehani, alizaliwa Likasi kule Katanga, na baba yake aliendesha treni za umeme tangu zamani za Wabelgiji. Kwa hiyo Mashinisti akisema kuran ni mambo ya watoto wa siku hizi, Mama Kapinga huweka chini kitambaa anachoshona na kumkumbusha kwamba kwao nyaya zilikuwa zinavuta mabehewa ya shaba wakati yeye hajaanza kuvaa suruali. Kama ni ukongwe, umeme ni mkubwa wake. Mashinisti hujibu kwamba kuran ikikatika, treni yenu inalala njiani kama mkungu wa ndizi uliosahauliwa. Mama Kapinga humwuliza, mazutu yakiisha, yenu inalala namna gani? Wanaweza kwenda hivyo mpaka unga wa mwisho utoke. Nadhani ni watu wanaopendana sana.

Ugomvi huo ulikuwa mtamu mpaka Filomena alipoolewa. Baada ya hapo kila neno la treni lilikuwa na mtu ndani yake, na Mama Filo, aliyekuwa anakuja na karanga zake, akaacha kuja.

Nisiseme ni mtu wa chuki. Ni mtu wa saa. Hakuna alichojivunia katika kazi yake kuliko kutoka kituoni saa iliyopangwa, katika nchi ambayo saa ni jambo la kujadiliana. Kisa anachokipenda kuliko vyote ni cha bokilo wake, baba wa Mama Filo. Mzee yule alikuja kumwona Filomena alipozaliwa, na siku ya kurudi kwao alipanda treni ya mkwe wake kwa fahari, amekaa behewa la mbele. Kwenye kituo kimoja kidogo akashuka kununua ndizi. Saa ikafika. Mashinisti alichungulia nyuma, akamwona bokilo wake anakuja na mkungu kichwani, mkono mmoja umeinuliwa. Akapiga honi, akaondoka. Treni iliyofuata haikupita upesi, na mzee akabaki pale na ndizi zake mpaka zikaiva. Mama Filo alilia. Ndugu walikaa kikao. Mashinisti aliitwa, akasimama mbele yao, akajibu kwa maneno ambayo bado anayarudia akishapata kahawa:

"Ningemungoja yeye, kesho kila mutu kwenye ile reli angekuwa bokilo yangu."

Wakamtoza mbuzi, akatoa. Lakini mzee alikufa hajapanda treni yake tena, na hapo mume anapocheka, Mama Filo hutazama chini. Mimi nilikiona hicho miaka mingi kabla sijaelewa uzito wake.

Mambo yalibadilika siku Mama Filo alipokuja kibandani kwangu akaniomba nimpigie Filomena. Alimwambia binti yake, mbele yangu, kwamba atakuja, na kama baba yake hataki basi atakuja peke yake, na kahawa atajipikia mwenyewe. Hakupaza sauti. Jioni hiyo redio ya Mashinisti ililia peke yake, hakuna aliyeisikiliza. Asubuhi alikuja na simu yake, akaiweka mezani, na badala ya kutazama pembeni akanitazama. Aliniuliza barabara ya Bogoro iko namna gani siku hizi, kama watu wanashuka salama mpaka ziwani. Nikamwambia wanashuka. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa asubuhi.

Wakateremka kwa Bogoro, wakavuka ziwa, wakapita Uganda, wakapanda basi refu linaloingia Tanzania mpaka Dodoma. Mpango wa Filomena ulikuwa kwamba kutoka Dodoma wapande treni mpaka Dar es Salaam, treni ya mumewe, siku ambayo yeye mwenyewe anaiendesha. Mimi nilisema mpango huo ni kuchokoza nyoka. Filomena akasema baba yake au atashuka amemshika mkono mkwewe, au hatamshika kamwe, na yeye amechoka kungoja. Baada ya hapo sikupata habari. Simu za Filomena hazikuingia, na nikakaa na wasiwasi wangu kibandani, nikichaji simu za watu huku yangu imekaa kimya.

Walirudi mwanzo wa mvua. Jumapili ya kwanza tulikusanyika kwa Ngabu mapema kuliko siku zote. Na Mama Filo alikuja, na karanga zake. Nilipomwona anaingia na bakuli lile, nilijua kwamba hakuna aliyekufa na hakuna aliyeachana. Lakini hatukujua yaliyotokea mpaka walipotusimulia, yeye kipande, mumewe kipande, wakinyang'anyana.

Kutoka Dodoma, Mashinisti aliketi dirishani na viatu vyake vimevuliwa, jambo ambalo Mama Filo alijaribu kulificha kwa kanga. Treni ilikuwa inakimbia kuliko kitu chochote alichowahi kukiendesha, na nyayo zake zilikuwa zinasikia magurudumu tu. Moyo wa masini hakuusikia. Alikuwa na hasira, Mama Filo anasema, hasira ya mtu anayeongea na mwingine asiyejibu. Wakafika Morogoro, treni ikasimama. Na hapo hata magurudumu yakanyamaza. Mashinisti akabandika miguu vizuri, akasubiri, hakuna kitu. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, kwamba masini ya kijana imekufa.

Akavaa viatu. Akavua koti, akalikunja mara mbili, akampa Mama Filo bila kumtazama. Akashuka, akatembea kando ya mabehewa kuelekea mbele, anakunja mikono ya shati.

Hapo Mama Kapinga alifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Ngabu alikuwa anasema ayi, ayi, taratibu. Mimi niliwaza jambo moja: mtu huyu, ambaye hakutaka hata sauti ya mkwewe kwenye simu, alikuwa anaenda kumpa mikono yake.

Alipofika mbele, dirisha la dereva lilifunguka. Walikuwa hawajawahi kuonana isipokuwa asubuhi ile Dodoma, kwa haraka, kijana akiwa anakimbilia kazi na mzee akitazama paa la kituo. Kijana alimwamkia shikamoo, na Mashinisti, kwa kuwa kwetu salamu hiyo hatuna, akamwambia bonjour. Kisha akamwuliza kama masini imekufa. Kijana akasema haijafa, baba, ndivyo ilivyo ikisimama. Mashinisti akaweka kiganja ubavuni mwa masini. Anasema ilikuwa na joto. Joto kidogo, na mtetemo mdogo sana, kama wa mtoto aliyelala. Alitaka kuuliza jambo lingine, lakini kijana alikuwa ameshatazama saa yake, na milango yote nyuma ilikuwa imefungwa.

"Akaniambia, samahani, baba, muda umefika," Mashinisti alitusimulia. "Akafunga dirisha. Akaenda."

Mama Filo ndiye aliyeendelea, kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani. Aliona nje ya dirisha mume wake anapita polepole, kisha haraka, amesimama wima kama nguzo ya kituo, mikono ya shati imekunjwa, hana koti wala safari. Watu wa behewani walisimama kwa hofu, mama mmoja akataka kuita mhudumu. Mama Filo alikuwa anacheka. Alicheka mpaka wakampa maji, na machozi yakamtoka, na alipoulizwa ana nini alilikumbatia koti akasema ni habari ya ndizi, ni habari ndefu.

"Nilimuona baba yangu," alituambia. "Nilisema, baba, ona. Leo iko zamu yake."

Mashinisti alimgeukia mkewe. Sikuwahi kumwona akimtazama hivyo. Akasema, si kwetu, kwake yeye tu, kwamba pale Morogoro alikaa kwenye benchi kungoja treni ya pili, na alipokaa alimkumbuka mzee na mkungu wake, na jua, na watu wanavyokutazama. Akasema hakujua kwamba ni mbaya vile. Mama Filo akamsogezea karanga. Nadhani alikuwa akilingoja neno hilo tangu Filomena akiwa mchanga, na lilipokuja alilipokea bila kelele, akaanza kumenya zake.

Treni ya pili ilimfikisha Dar es Salaam jioni. Filomena alikuwa kituoni na mtoto mgongoni, amevimba macho kwa kulia, anaamini ameharibu kila kitu. Kando yake mume wake, bado amevaa nguo za kazi, ameshika lile koti mikononi jinsi lilivyokunjwa. Alikuwa amekataa kwenda nyumbani. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, Filomena aliniambia baadaye, na alikuwa anayarudia midomoni kama mtoto wa mtihani. Mashinisti hakumpa nafasi. Alichukua koti, akalivaa, akamshika mkono.

"Ulitoka saa yake," alimwambia.

Kisha ndipo akamwomba binti yake mtoto, akamweka begani, na wote wakaenda nyumbani kula samaki.

Sasa msidhani amehamia upande wa Mama Kapinga. Mama Kapinga mwenyewe alijaribu Jumapili ile ile. Alimtaka akiri mbele ya mashahidi kwamba kuran ni bora, kwamba baba yake wa Likasi alikuwa na haki, na kwamba moshi ni moshi tu. Mashinisti akasema hakiri kitu. Treni ile haina harufu, haina koo, huwezi kuipenda, ni sawa na kulala kwenye nyumba ya mtu tajiri ambapo hujui utupe wapi maganda. Akamwomba Ngabu atafute zile za milimani, zenye moshi mweusi. Alikuwa anazungumza kwa kelele, kwa sababu mteja wa Shari alikuwa ameleta gunia na injini ya Ngabu ilikuwa inanguruma nyuma yetu, viatu vya Mashinisti vikiwa pembeni, miguu chini, kama Jumapili zote.

Simu yake ikalia, namba ya Tanzania. Aliitazama. Akaiweka sikioni, akaziba sikio la pili, hakusikia. Akainua mkono kumwelekea Ngabu.

"Ngabu, zima motere."

Ngabu alidhani amesikia vibaya. Hata mimi. Mashinisti akarudia, na Mama Kapinga akafungua mdomo kuuliza ni nani mkubwa hivyo.

"Munyamaze kidogo," akasema. "Ni mashinisti."

Ngabu akazima. Injini ikakohoa, ikapunguza, ikanyamaza kabisa, na jirani yangu akabaki ameketi pale pale, anacheka na simu.